Ana Gari, Hana Pa Kulala

Aisifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Je, msomaji mpendwa, asiyenyeshewa atajuaje baridi yake?

Juzi nilimweleza binti yangu kwamba Marekani wako watu wanaokwenda kazini kila siku, na usiku hulala ndani ya magari yao kwa kulemewa na kodi ya nyumba. Alicheka. "Lakini baba, si wauze tu hilo gari!"

Sikubishana naye. Nilikata katoni kuukuu, nikachora siku saba, nikampa dadu na punje 22 za maharagwe ziwe mshahara wa juma. Kila siku punje tatu: chakula, petroli, na mahali pa kuoga. Dadu likionyesha moja au mbili, polisi wamegonga kioo usiku. Uhamishe gari, punje mbili zaidi za petroli.

Siku ya pili aliuza gari, akapata punje 10. Tangu hapo akawa analipia malazi na nauli. Siku ya tano alikwama.

Mbinu hii si yangu. Mnamo 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alisajili mchezo wa ubao wa kuonyesha jinsi kodi inavyomtajirisha mwenye ardhi na kumfukarisha mpangaji. Ndio uliozaa Monopoly. Mwaka wa 2011, shirika la Urban Ministries of Durham, jimboni North Carolina, lilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Spent: unaanza na dola 1,000, ujaribu kumaliza mwezi.

Filamu hukuonyesha shida ya mwenzako. Mchezo hukulazimisha kuchagua ukiwa mahali pake. Hata hivyo, kuna hatari. Mchezo ukiwa rahisi, mshindi atadhani maskini hawajui hesabu. Kwa hivyo mbunifu sharti atie ndani yale yasiyotegemea akili ya mchezaji: ugonjwa, injini kufa, kodi kupanda.

Nilimwambia pia kuhusu Santa Barbara, California. Tangu 2004 kuna mpango unaowaruhusu watu kuegesha usiku katika viwanja maalum na kulala bila kufukuzwa.

Jana nimemkuta amechora kisanduku kipya kwenye katoni: "Maegesho salama. Polisi hawagongi."

Nikamwuliza sababu.

"Baba, kwa zile sheria zako, hata ukicheza vizuri unaweza kushindwa."