Boti Ikijaa Maji, Isizame

Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2020, na tena 2025, wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama nyumba zao kwa boti. Chombo cha mvuvi na mtalii kikawa cha kubebea magodoro na watoto. Na palipo na maji hapakosi fundi: mbao kadhaa, plaiwudi, faibaglasi kidogo, na kayaki au boti imekamilika uani.

Hatuna ugomvi na fundi huyo. Ugomvi wetu ni na boti inayoundwa kana kwamba haitajaa maji hata siku moja. Itajaa. Upepo wa alasiri Naivasha hauna adabu. Migunga iliyokufa imesimama majini, na nguzo za ua zilizomezwa na ziwa hazionekani mpaka zitoboe. Kiboko naye haombi njia.

Boti ya mbao tupu ikijaa huelea kwa shida, lakini ukiiongezea injini na mzigo, inazama. Ya faibaglasi haihitaji hata mzigo, kwani faibaglasi yenyewe ni nzito kuliko maji.

Wailchamus wa Ziwa Baringo walilielewa jambo hili zamani. Mitumbwi yao huundwa kwa kufunga pamoja miti myepesi mno iotayo kando ya ziwa. Maji hupenya katikati ya miti na mvuvi hulowa, lakini chombo hakizami, kwa kuwa mti wenyewe ndio unaoelea.

Asiye na mti huo ana mitungi ya plastiki. Mtungi mtupu wa lita 20, ukizibwa barabara, huinua karibu kilo 19. Minne ni kama kilo 75. Injini ya kilo 40 itakula nguvu ya miwili, lakini mtu aliyezama hadi shingoni huwa na uzito wa kilo chache tu, kwa hiyo miwili iliyobaki itawashikilia watu kadhaa walioing'ang'ania boti.

Pa kuiweka ndipo wengi wanapokosea. Igawe mbele na nyuma, ubavuni, juu karibu na kingo. Ukiirundika chini sakafuni, boti iliyojaa maji itapinduka tumbo juu. Ifunge kwa mikanda iliyoshikizwa kwenye mbavu za boti, maana mtungi unaovutwa juu kwa kilo 19 huweza kukata uzi wa katani. Kwenye kayaki isiyo na nafasi ya mitungi, jaza ncha zote mbili kwa povu lisilonyonya maji. Lile jeupe la kufungia televisheni liepuke kwenye boti ya injini, kwani petroli huliyeyusha.

Wapo watakaosema mitungi inakula nafasi ya samaki. Ni kweli. Wengine watasema jaketi za kuokolea zinatosha. Jaketi ni lazima, lakini jaketi humwacha mtu peke yake katikati ya ziwa. Boti inayoelea humpa pa kushika, na waokoaji huiona kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Kamati za usimamizi wa fuo (BMU) za Karagita, Kamere na fuo nyingine za Naivasha, pamoja na Kaunti ya Nakuru na mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya (KMA), ziweke sharti moja: boti mpya isibebe mtu kabla ya kujaribiwa. Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Isukumwe hadi maji ya kifuani, ijazwe maji pomoni, kisha abiria wake waketi ndani. Ikibaki wima na kingo zikiwa juu ya maji, maji yatachoteka na watu watarudi nyumbani. Ikizama, irudi kwa fundi.

Na fundi asiyekubali boti yake ijazwe maji mbele ya mnunuzi, asilipwe.