Usalama wa Nani? Swali Tuliloachiwa na Juni 25

Juni 25, 2024 mambo mawili yalitokea siku moja. Kikosi cha kwanza cha polisi wetu, takriban 200, kilitua Port-au-Prince, Haiti, kupambana na magenge. Hapa Nairobi, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Kuna waliokufa. Huku na kule, jina lililotajwa ni moja tu: usalama. Sasa, usalama wa nani?

Swali hili si la mtaani pekee. Msomi wa Canada, Robert Cox, alishaeleza mwaka wa 1981 kwamba nadharia za uhusiano wa kimataifa hazianguki kutoka mbinguni. Kila moja ina mtu inayemfaa. Zipo zinazouchukua ulimwengu ulivyo na kuziba nyufa tu. Nadharia hakiki huuliza: mpangilio huu ulitoka wapi, nani ananufaika, na je, unaweza kubadilishwa?

Hebu tazama mswada ule. Hazina ya Kitaifa na IMF ziliuliza, deni litalipwa vipi? Vijana wakauliza, lilikopwa kwa faida ya nani, na mbona alipe mnunuzi wa mkate? Wengi hawakuwa wamemsoma Cox, lakini swali lilikuwa lake kabisa.

Ken Booth, aliyefundisha Aberystwyth, Wales, alikwenda mbali zaidi mwaka wa 1991. Kwake, usalama wa kweli ni ukombozi: kuwaondolea watu vita, umaskini, elimu duni na ukandamizaji. Dola aliifananisha na nyumba. Kuna faida gani kumaliza pesa kwa kuta huku waliomo ndani wanaumia?

Lakini tusijipigie makofi mapema. Marekani iliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934. Walinda amani wa UN walikuwa huko kutoka 2004 hadi 2017, na kipindupindu kilichozuka 2010 kilihusishwa na kambi yao. Wahaiti wanawajua wageni wanaokuja kuwaokoa. Sisi tulipoenda, ni wangapi kati yetu waliuliza mkazi wa kawaida wa Port-au-Prince anataka nini?

Ukiuliza "usalama wa nani?" risasi zikilia Nairobi pekee, hiyo ni hasira. Ukiuliza pia kwa niaba ya Mhaiti usiyemjua, hapo ndipo ukombozi unaanza.