Shaba ikiisha, watoto watabaki na nini?

Wapapa na wamama wa mu mitaa ya wachimbaji, leo tuzungumze juu ya muji mudogo wa Uingereza, jina lake Tavistock. Uko Devon, kusini-magharibi ya inchi ile, kando ya mto Tavy, katikati ya mashamba na malisho. Wageni wanauendea sana juu ya soko lake. Mwaka 1105 mfalme Henry I aliwapa wamonaki wa pale ruhusa ya kufanya soko kila wiki, na mpaka leo watu wanauza na kununua.

Siye watu wa shaba tuko na sababu ingine ya kuuangalia. Mwaka 1844, karibu na muji ule, walivumbua shaba nyingi. Kampani ya Devon Great Consols ilianza na hisa 1.024, kila moja paundi 1. Kisha muda kidogo hisa moja ilifika mamia ya paundi. Duke wa Bedford, mwenye udongo, alipata sehemu yake kwa shaba yote iliyotoka. Kwa mali ile alijenga soko la paa na nyumba za wafanyakazi. Migodi ilifungwa zamani, lakini soko lingali wazi, na mu nyumba zile watu wangali wanalala.

Tusidanganyane: Duke hakuwa malaika. Alijenga kwa kupenda kwake. Wanawake na watoto walivunja mawe kule juu. Shaba ilipopungua, watu walichimba arseniki, na ni sumu. Kazi ilipoisha, wengi walihama na kwenda kuchimba ng'ambo.

Hapa kwetu hatuna lazima ya kungojea moyo mwema wa tajiri, juu tuko na sheria. Kodi la migodi la 2018 linasema hivi: mu ile redevansi kampani inalipa, 25% ni ya provinsi, 15% ni ya komini ao sekta kwenye shimo liko, 10% ni ya vizazi vitakavyokuja. Tena kampani itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka.

Basi tuulize: ile 15% imejenga soko gani? Wamama wanauza mboga na samaki chini, mu vumbi. Mvua ikinyesha, ni matope. Kila mwaka shimo linazidi kwenda chini, na soko linabaki vile vile.

Tunaomba wakubwa wa komini na wa sekta wabandike mbele ya biro, kila miezi tatu, franga iliyoingia na kazi iliyofanywa. Na waanze na soko: paa, maji, vyoo. Soko njo linalisha nyumba siku papa anarudi bila kazi.

Wakiita mukutano, twende wote, wamama mbele. Pesa ya shaba tuiulize sasa, shaba ingali inatoka.