TANGAZO LILILOBAKI CHUONI NI AMANA ISIYOFIKISHWA

  

Ndugu Waislamu, lori la kabichi na karoti linaposhuka kutoka Mgeta hupita jirani na Chuo Kikuu Mzumbe kabla ya kuingia barabara kuu pale Sangasanga. Likifika mjini Morogoro linakuwa limefika katika mji wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Waislamu. Mazao ya mlima wetu yanaliwa katika vyuo vyote hivyo, na maji ya mto Mgeta yanaingia mto Ruvu na kunywewa hadi Dar es Salaam. Mlima unashusha kila siku. Swali ninalotaka tulitazame mwezi huu ni hili: je, katika vyuo hivyo ni kitu gani kinachopanda kurudi mlimani?

Sisemi kwamba hakuna kabisa. Wazee wa Mgeta wanakumbuka kuwa katika miaka ya 1980 wataalamu wa Sokoine walileta huku mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na hadi leo zipo nyumba zinazonywa maziwa kwa sababu hiyo. Huo ni ushahidi kuwa chuo kikitaka kuusemesha mlima, mlima unasikia. Lakini mbuzi waliletwa na watu waliopanda kwa miguu yao. Matangazo hayana miguu. Nafasi za masomo, mikopo, ufadhili na ajira hubandikwa ubaoni, huwekwa katika mitandao, husomwa na walioko hapo, na siku ya mwisho ikipita hubanduliwa. Mwana wa Nyandira, wa Bunduki au wa Tchenzema hupata habari pale ambapo haimsaidii tena.

Lugha yetu inalo neno "ilani", nalo limetoka katika Kiarabu, i'laan. Asili yake ni kukidhihirisha kitu baada ya kuwa kimefichikana, na kinyume chake ni siri. Kwa maana hiyo, tangazo ambalo halijamfikia mlengwa wake bado halijawa ilani. Hata likichapwa kwa herufi kubwa, kwake yeye ni siri.

Tuangalie siri hizo ni zipi. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Kwa miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Kuhusu udahili, kuanzia mwaka 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, lakini tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Mzazi aliyemsomesha mtoto wake wa kwanza chini ya utaratibu ule wa zamani, akiamini atafanya vivyo hivyo kwa mdogo wake, anampoteza. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo Ufadhili wa Samia kwa waliopata ufaulu wa juu wa masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo ni ufadhili, si mkopo. Ni wangapi miongoni mwetu walikwisha kulisikia jambo hilo likisemwa mbele ya msikiti?

Kwa upande wa ajira, Sokoine na Mzumbe ni vyuo vya umma, na nafasi zao nyingi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Vyuo havihitaji wahadhiri peke yao. Vinahitaji madereva, mafundi wa maabara, watunza kumbukumbu na wakutubi. Na anayetaka kuanza safari ya uhadhiri kama mkufunzi msaidizi hutakiwa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Kijana anayelijua hilo siku ya kwanza chuoni husoma kwa namna moja, na anayelijua siku ya mahafali hubaki na majuto.

Sasa, nani abebe habari hizi? Aya ya 122 ya Surat At-Tawba inatufundisha kuwa haiwafai waumini kutoka wote kwa pamoja, bali katika kila kundi watoke baadhi yao wakajifunze dini, kisha wawaonye watu wao watakaporejea kwao. Wanazuoni wameieleza aya hii katika elimu ya dini, nami siigeuzi maana yake. Lakini kwa njia ya kuzingatia, tuutazame mpangilio wake. Msafara wa elimu haukuishia pale mtu alipofika kwa mwalimu. Umekamilika kwa kurejea na kusema. Neno lililotumika, indhaar, ni kumpa mtu habari mapema ili ajihadhari. Habari iliyochelewa haiitwi indhaar.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mgeta aliyeko Mzumbe, na mfanyakazi wa Mgeta aliyeko Sokoine, awe profesa au mlinzi wa lango, amebeba amana. Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inaamrisha amana zirejeshwe kwa wanaozistahiki. Tumezoea kuielewa amana kuwa ni fedha au mali iliyowekwa. Habari ya fursa ya umma nayo ni haki ya watu, na anayeikalia ili ndugu yake peke yake aiwahi amezuia haki hiyo. Hapa tuwe wakweli: wapo wanaofanya hivyo. Huliona tangazo, wakaliweka mfukoni, wakampigia simu mpwa wao, na kwa wengine wakanyamaza. Mimi simkatazi mtu kumjulisha mpwa wake. Namkataza kunyamaza kwa wengine.

Lakini lawama isiwaangukie walioko chuoni peke yao. Hata tangazo likifika mapema, mara nyingi linatukuta hatuko tayari, na hilo ni letu sisi wazazi na walimu. Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo nacho kimehakikiwa. Inatakiwa saini ya viongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na taarifa za mdhamini. Asiye na cheti akaanza kukitafuta Agosti ana kazi kubwa. Makao makuu ya wilaya yetu ya Mvomero yako upande wa kaskazini. Anayetoka Mgeta hushuka mlima, akapita mjini Morogoro, kisha akaendelea mbele. Hiyo ni nauli na ni siku nzima, na haina hakika kuwa ataliona faili lake siku hiyo hiyo. Wakati huo dirisha linafungwa.

Kuna jambo jingine linalowaumiza zaidi watoto wa Kiislamu, nalo ni majina. Cheti kimeandikwa Khadija, shuleni ameandikwa Hadija. Huku Mohamed, kule Muhammad, pengine Mohammed. Sisi wenye kusoma Kiarabu tunajua kuwa ni jina moja kwa herufi zilezile. Kompyuta haijui hivyo. Kwake hao ni watu wawili, na mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwa kiapo kuwa yeye ndiye yeye. Mwalimu wa madrasa anayepokea mtoto wa miaka sita ana nafasi ya kuliondoa tatizo hili kabla halijazaliwa: amwombe mzazi cheti, na kama hakipo, amhimize akitafute sasa, na jina liandikwe kwa namna moja kila mahali.

Wapo pia wanaojizuia wenyewe kwa ajili ya riba, na tahadhari yao inastahili heshima. Wajue hata hivyo kuwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikiitwa ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa, ziliondolewa mwaka 2021. Mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mwenye shaka na awaulize wanazuoni anaowaamini juu ya mkopo ulivyo leo, asihukumu kwa habari za zamani. Hapa pia habari iliyochelewa inamfungia mtu mlango.

Huenda mtu akasema kuwa msikiti si mahali pa matangazo, na kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea kunadi kilichopotea msikitini na kufanya biashara humo. Kauli hiyo ni sahihi na adabu ya msikiti lazima ilindwe. Lakini ubao mlangoni, au dakika tano barazani baada ya watu kutoka katika sala ya Ijumaa, si biashara. Tukumbuke kuwa mateka wa Badr waliokuwa wakijua kuandika walikubaliwa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Fursa ya elimu ilikamatwa hata kutoka mkononi mwa adui. Sisi tunaiacha ipite ikiwa jirani.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila msikiti wa Mgeta umteue kijana mmoja mwaminifu mwenye simu ya intaneti, ambaye kila wiki atawasiliana na wenzake walioko katika vyuo vya Morogoro na kuyaandika matangazo kwa Kiswahili ubaoni, akianza na tarehe ya mwisho. Pili, asibandike kitu ambacho hakukihakiki kwa chuo au ofisi inayohusika. Matangazo ya kughushi ni mengi, na yeyote anayedai fedha ili akupatie ajira ya Serikali ni tapeli. Tatu, kila mwaka mwezi wa Januari, yanapokaribia au kutoka matokeo ya kidato cha nne, kamati ya msikiti iwaite wazazi na kukagua nyaraka za watoto wao, ili ifikapo Julai, yanapotoka ya kidato cha sita, pasiwepo anayeanza kutafuta cheti. Nne, wanafunzi wetu wanaporudi likizo, wasitoke mlimani bila kukaa na wadogo zao siku moja na kuwajazia maombi.

Na ubao huo usiwe wa Waislamu peke yao. Mgeta sisi ni wachache kati ya majirani Wakristo, na kwa muda mrefu wao wamekuwa wakisoma matangazo yao baada ya misa. Jirani ana haki juu yetu. Mtoto wake akisoma tangazo kwenye mlango wa msikiti akapata chuo, hatukupungukiwa na kitu, na huenda kesho yeye akamjulisha wa kwetu.

Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, ambayo Serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliyakabidhi kwa Waislamu, wengi tulishukuru kwa kupata chuo. Shukrani ya neema ni kuitumia. Chuo kisicho na mtoto wa mlimani ndani yake, wakati mlima unaonekana kutoka dirishani, kinatudai sisi kabla hatujakidai.

Basi kila msomaji wa ukurasa huu aliyeko chuoni, kabla ya Ijumaa ijayo, achukue tangazo moja na alifikishe Mgeta kwa mtu asiye ndugu yake.

Wabillahi tawfiq.