Kiangazi cha Kwanza Ndicho Kipimo cha Kampeni za Upandaji Miti

Kila mwaka halmashauri zote 184 za Tanzania Bara zinatakiwa kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kila moja, hivyo kuifanya nchi kuwa na lengo la miti milioni 276 kwa mwaka. Lengo hilo lina sababu. Takwimu zinazotumiwa na Serikali zinaonesha kuwa takribani hekta 469,420 za misitu hupotea kila mwaka kutokana na upanuzi wa mashamba, uchomaji wa mkaa, ukataji wa kuni, malisho na moto. Aidha, Tanzania imeahidi kurejesha uoto katika hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo mwaka 2030.

Taarifa za utekelezaji wa lengo hilo kwa kawaida hutaja idadi ya miche iliyopandwa. Kipimo hicho ni rahisi, kwa kuwa miche huhesabiwa inapotoka kitaluni na mashimo huhesabiwa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mche uliopandwa bado si mti. Iwapo nusu ya miche itakauka kabla ya mvua za msimu unaofuata, fedha za mbegu, viriba, usafirishaji na nguvu kazi zitakuwa zimetumika mara mbili kwa mti mmoja. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Udhaifu wa mche uliohamishwa una maelezo ya kitaalamu. Ukiwa kitaluni, mche humwagiliwa mara kwa mara, hukaa chini ya kivuli na mizizi yake hukua ndani ya kiriba. Unapopelekwa shambani, sehemu ya mizizi midogo inayofyonza maji hukatika au kujeruhiwa, ilhali majani huendelea kupoteza maji juani. Hadi mizizi mipya itakapopenya udongo wa jirani, mche hutegemea bonge dogo la udongo uliotoka nalo kitaluni. Bonge hilo huweza kukauka katika siku chache, hata pale udongo unaolizunguka bado una unyevu.

Jiji la Dodoma ni mfano wa wazi wa jambo hili. Mnamo Desemba 2017, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Eneo hilo ni kame kiasi. Hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa mwanzoni mwa mvua hupata takribani miezi minne ya kushusha mizizi. Uliopandwa Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, hupata wiki chache tu kabla ya ukame wa zaidi ya miezi sita. Tarehe hiyo inafaa zaidi katika maeneo ya mvua za Masika, kama vile Pwani, Tanga na Kilimanjaro, ambako mvua huendelea hadi Mei. Katika mikoa ya mvua za Msimu, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndio unaopaswa kuamua siku ya kupanda, na Aprili ikawa mwezi wa kukagua na kutunza.

Utunzaji wenyewe hauhitaji gharama kubwa, bali mpangilio. Wiki chache kabla ya kutoka kitaluni, miche hupunguziwa maji na kivuli hatua kwa hatua ili ikomae. Siku ya kupanda, kiriba huondolewa chote, na mizizi iliyojizungusha chini yake hukatwa, kwani ikiachwa huendelea kujisokota na kuudhoofisha mti miaka ya baadaye. Katika maeneo makavu, shimo la sentimeta 60 kwa upana na kina hulegeza udongo mgumu, na udongo wa juu wenye rutuba hurudishwa karibu na mizizi. Shina halifukiwi kupita kiwango lilichokuwa nacho kitaluni.

Baada ya hapo, kisahani cha udongo hutengenezwa kuzunguka mche ili kukinga maji. Matandazo ya nyasi kavu huwekwa juu yake bila kugusa shina, kwa kuwa unyevu unaoshikilia gome huleta uozo. Pale penye mchwa, hali ya matandazo hukaguliwa mara kwa mara. Magugu huondolewa angalau umbali wa nusu mita kila upande, kwani hushindana na mche kwa maji. Umwagiliaji wa kina mara moja au mbili kwa wiki hufaa kuliko maji kidogo ya kila siku, kwa sababu maji yanayofika chini huivuta mizizi kwenda chini.

Hesabu ya maji inapaswa kufanyika kabla ya kuchimba mashimo. Kwa makadirio ya lita 10 kwa mche kwa wiki, miche 100 huhitaji lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20 kila wiki. Kwa kiangazi cha wiki 26, jumla hiyo hufikia lita 26,000. Shule yenye wanafunzi mia kadhaa na kisima cha karibu inaweza kumudu kazi hiyo. Shule inayotegemea maji ya kununua haitaweza, na kwake miche 20 inayomwagiliwa ina manufaa kuliko 100 inayokauka.

Suala la shule lina uzito wa pekee kutokana na kampeni ya Soma na Mti, inayomtaka kila mwanafunzi kupanda mti na kuutunza. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka huangukia Juni, wakati kiangazi kimekwisha kuanza katika mikoa mingi. Bila zamu ya likizo inayojulikana kwa majina, mche hubaki bila maji kwa wiki kadhaa katika kipindi unachoyahitaji zaidi. Hali ni hiyo hiyo katika taasisi nyingine, ambako viongozi huhudhuria siku ya kupanda lakini hakuna mtumishi aliyekabidhiwa miche kwa maandishi.

Mifugo ni tishio jingine. Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kwa saa chache kazi ya msimu mzima. Uzio wa matawi ya miiba hutosha kuulinda mche mmoja mmoja, lakini katika maeneo ya wazi ulinzi hutegemea usimamizi wa sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo inayozurura, pamoja na makubaliano ya kijiji kuhusu njia za malisho.

Mabadiliko yanayohitajika zaidi ni ya namna ya kuhesabu. Taarifa ya halmashauri ingekuwa na maana kubwa zaidi iwapo ingekuwa na safu mbili: miche iliyopandwa, na miche iliyo hai mwishoni mwa kiangazi cha kwanza, yaani Oktoba au Novemba. Safu ya pili ingeonesha ni aina gani za miti zinazostahimili eneo husika na wapi maji yalikosekana. Pia ingeonesha ni miche mingapi ya kurudishia iandaliwe kitaluni kabla ya mvua. Bajeti nayo ingetenga fungu la maji, uzio na palizi, badala ya kuishia kwenye ununuzi wa miche.

Kwa mwananchi aliyepokea mche mmoja kwa ajili ya ua wake, wajibu ni mwepesi zaidi: nusu ndoo ya maji kwa wiki, matandazo, na uzio hadi mvua zirudi. Maji yaliyotumika kuoshea mboga au kusuuzia vyombo bila sabuni hufaa kwa kazi hiyo. Mche ukivuka kiangazi cha kwanza, mizizi huwa imeshuka kiasi cha kuanza kujitafutia maji yenyewe, na hapo ndipo unapostahili kuhesabiwa miongoni mwa miti ya Taifa.