Mashini ya échecs ipimwe pale inapokwama

Vijana wengi hapa kwetu wanaojifunza échecs wana mwalimu mmoja tu: programu iliyo ndani ya simu. Ikisema mweupe anashinda, mjadala umekwisha. Mimi nasema, tusimalizie hapo.

Ni kweli mashini zina nguvu. Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Leo Stockfish, inayotolewa bure, inawashinda mabingwa wote. Lakini kushinda mechi si kipimo pekee. Kuna mafumbo ya mwisho wa mchezo, ambayo mtunzi huyapanga makusudi ili njia ya kweli ionekane kama ujinga.

Mfano ni fumbo la Gijs van Breukelen wa Uholanzi. Mwaka 1987 Jim Plaskett aliwaonyesha wachezaji wakubwa kwenye mashindano kule Brussels, nao wakaumiza vichwa. Mikhail Tal alitoka kutembea bustanini, akarudi na jibu. Ndani yake askari mdogo anafika mwisho, na badala ya kugeuka malkia anageuka farasi. Fumbo hilo lilisumbua mashini pia, kwa sababu programu hukata mapema njia inayoonekana mbaya.

Mwaka 2017 Roger Penrose wa Uingereza alitoa lingine. Mweusi ana malkia na vitu vingine vizito, lakini vimefungiwa. Mfalme mweupe akitembea tu juu ya miraba myeupe, hakuna wa kumshika. Binadamu anaona sare. Mashini zilihesabu mali ya mweusi, zikampa ushindi.

Anayepima awe mwangalifu. Vitu vikiwa 7 au chini, wafalme wakiwemo, majibu yote yalishahesabiwa na kuwekwa katika hifadhi. Mashini yenye hifadhi hiyo haifikiri, inasoma tu. Kipimo cha haki kinataka fumbo lenye vitu vingi zaidi.

Wengine watasema mashini nazo zimegundua makosa katika mafumbo ya zamani. Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi yake nzuri: kuhakikisha. Kufundisha ni jambo lingine. Simu inampa mtoto namba, haimwambii kwa nini. Akizoea namba, atapokea kila namba anayopewa bila kuuliza.

Na kwa familia zilizokimbia vita, kuchaji simu ni pesa. Fumbo halihitaji umeme. Chora miraba 64 juu ya karton, tumia vifuniko vya chupa. Panga fumbo la Richard Réti la mwaka 1921: mfalme mweupe h8, askari wake c6, mfalme mweusi a6, askari wake h5. Mweupe anaanza, na anatakiwa kupata sare. Inaonekana amechelewa kabisa. Lakini anapita kwa mshazari, g7, kisha f6, na kila hatua inamkaribisha kwa askari wawili kwa pamoja: wa adui ili amkamate, na wake ili amlinde.

Wazazi na walimu, wapeni watoto fumbo hilo kwanza. Wabishane, wakosee, warudie. Simu iwashwe mwishoni, nayo ijibu maswali yao.