Jua Tunalo, Lakini Damu Hatujaipima

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa nchi zetu tumeyakubali tangu zamani bila ya kuyadai ithibati, mojawapo ni hili, kwamba upungufu wa vitamini D ni shida ya watu wa Ulaya, ambao jua lao hutoka kama mgeni mwenye haraka, na kwamba sisi tuliozaliwa penye jua la mwaka mzima hatuna haja hata ya kuitaja. Dhana hii si ya uongo mtupu, na atakaye kuibomoa hana budi kwanza aitendee haki. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walioshika maisha yao ya asili, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ilhali matabibu wengi huanza kuhesabu upungufu chini ya 50. Ngozi nyeusi huchelewa kuitengeneza vitamini hii kuliko ngozi nyeupe, walakini haikuwadhuru, kwa kuwa watu wale hushinda nje tangu mapambazuko hata machweo.

Hesabu ile, basi, ni ya mchungaji na mwindaji. Kuichukua na kumkadiria kwayo mgonjwa alalaye ndani ni taksiri, nami leo nataka kumsemea mgonjwa wa namna moja tu, ambaye maradhi yake ni nadra na jina la maradhi hayo ni gumu kutamka: uvimbe wa nyuroendokrini.

Namfahamu mama mmoja wa mwambao aliyepatwa nao katika utumbo mwembamba. Kwa miaka kadhaa aliambiwa kuwa ana amiba, kisha vidonda vya tumbo, kisha kwamba ni mambo ya umri yanayowafika wanawake wote hedhi ikikatika. Alikuwa akiharisha mara sita au saba kwa siku, na ghafla uso ukimchoma kana kwamba ameinamia tanuri la mikate. Na kwa kuwa rangi yake ni nyeusi, wekundu ambao kwa Mzungu ungeonekana toka mbali, kwake haukuonekana na mtu. “Mwanangu, uso waniwaka,” humwambia mkazamwanawe, naye akimtazama haoni kitu. Alhasili alihamia chumba cha ndani, kilicho karibu na choo, dirisha limefungwa na feni yazunguka, maana joto humzidishia mwako ule, na barazani hakukaa tena. Huyu ndiye tumwambiaye kwamba jua analo.

Maradhi yenyewe yalipata jina la karsinoidi mwaka 1907, alipoyaeleza Siegfried Oberndorfer wa Munich, yakidhaniwa siku zile kuwa hayana madhara makubwa kwa vile yanavyokua polepole. Seli zake zina tabia ya tezi: aghalabu humwaga homoni katika damu, na hasa serotonini, ambazo uvimbe ukishafika katika ini huleta kule kuwaka uso na kuharisha, na mwishowe hukaza vali za upande wa kulia wa moyo. Watu hudhani hawajapata kuyasikia, kumbe wameyasikia chini ya jina jingine, kwani mfanyabiashara Steve Jobs aliyefariki mwaka 2011 na mwimbaji Aretha Franklin aliyemfuata mwaka 2018 walitangazwa kuwa wamekufa kwa saratani ya kongosho, na uvimbe wao ulikuwa wa jamii hii. Wagonjwa wake duniani wamejichagulia alama ya punda milia, kwa sababu madaktari wa Marekani hufundishwa kwamba wakisikia mshindo wa kwato wamdhanie farasi kwanza, si punda milia; mfano ambao kwa mkaazi wa Serengeti hauna maana kubwa, kwani huko kwato zikisikika huenda ni punda milia kweli.

Sasa tutazame jinsi vitamini inavyompotea. Mwili huipata kwa milango miwili, ngozi na kinywa. Mlango wa ngozi tumekwisha kuuona umefungwa pamoja na dirisha. Mlango wa kinywa hufungwa na tiba yenyewe, na hapa ndipo penye ajabu. Dawa iliyo mhimili wa tiba hii ni oktreotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988, ambayo siku hizi hudungwa kila baada ya siku 28, nayo kazi yake ni kuzinyamazisha seli zile zisimwage homoni. Huifanya kazi hiyo vizuri, wala sitaki mtu aiache kwa kunisoma mimi. Lakini haina jicho la kuchagua. Hulinyamazisha na kongosho lisitoe vimeng'enya vyake kwa wingi, na pasipo vimeng'enya mafuta ya chakula hupita utumboni kama yalivyoingia. Mgonjwa ataiona dalili chooni kabla daktari hajaiona katika maabara: kinyesi cheupe, chenye kunuka kupita kiasi, huelea na kugandamana wala maji hayakiondoi kwa mara moja. Na vitamini D husafiri katika mafuta, pamoja na A, E na K. Mafuta yakienda zake, nazo huenda nayo. Fauka ya hayo, mpasuaji akiwa amekata ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba, ameondoa mahali ambapo nyongo hurudishwa mwilini na vitamini B12 hufyonzwa. Na mgonjwa mwenyewe, kwa hofu ya kuharisha, huacha nazi, huacha samaki, akabaki na uji na chai ya rangi.

Kwa hiyo madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walipochapisha mwaka 2016 kwamba upungufu wa vitamini D na B12 umeenea kwa wagonjwa wenye uvimbe huu wa utumbo, mimi sikustaajabu. Nilichostaajabia ni kwamba huku kwetu mtu anaweza kudungwa sindano ile mwaka hata mwaka, asitokee wa kumwuliza habari ya mifupa yake.

Hapa yanipasa nitie hadhari, kwa kuwa wapo watakaoyasoma haya wakatoka mbio kununua. Mgonjwa kuwa na vitamini haba na uvimbe mkali hakuthibitishi kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Yamkini ni kinyume, mtu aliyezidiwa hali chakula wala hatoki nje. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL, lililowashirikisha watu 25,871 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, halikuona kwamba yuniti 2,000 kwa siku zinawapunguzia watu kupatwa na saratani. Lilihusu watu wazima kwa jumla, si wagonjwa wetu hawa, lakini latosha kumnyamazisha anayeuza mafuta ya ini la papa kwa ahadi ya kuyeyusha uvimbe. Mafuta hayo wazee wetu waliyaita sifa na kuyapaka majahazi, tuyaachie majahazi.

Nitakalo ni jambo dogo zaidi: mifupa isivunjike, misuli isilegee. Mgonjwa apimwe damu, na pamoja na vitamini ipimwe kalsiamu, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hawa wana hitilafu ya kurithi inayovifanya vitezi vinne vya shingoni kuipandisha kalsiamu kupita kadiri, na kumrundikia mtu huyo vitamini D bila ya kupima ni kumtafutia mawe ya figo. Kisha atazamwe kama ahitaji vidonge vya vimeng'enya, maana kummiminia vitamini mtu ambaye mafuta hayamkai ni kujaza pakacha maji. Na aelezwe kweli yote: vidonge hivyo hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nimesikia matabibu wakilificha hilo kwa wema, mgonjwa akaja kulisoma katika karatasi ya ndani ya kisanduku, akavitupa vyote. Angeambiwa mapema angemwuliza shehe wake, na mlango wa dharura katika sheria shehe anaujua kuliko daktari.

Mama yule aliuliza, akajibiwa, akaridhika. Sasa kidonge chake hukifunga katika ncha ya leso, akakimeza pamoja na tonge la kwanza, si kabla wala si baada, na wali wa nazi ameurudia. Jua nalo, kwa kuwa halipiti utumboni, analiota barazani saa nne ya asubuhi, ambapo kivuli chake kimeshakuwa kifupi kuliko kimo chake, dakika chache tu kabla uso haujaanza kumwaka. Na kila nipitapo huniuliza kama mwezi wa kupimwa damu tena umefika.